Laini Zote Zinapita Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Binti wa Kengele kanipigia asubuhi. Kasema: mama mdogo, simu ya mama naiweka kabatini. Jana kampigia mtu asiyemjua, kamkaribisha aje kula — na mtu kaja! Kasimama mlangoni kavaa shati lililopigwa pasi. Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana binti mwenyewe alikuwa analia.

Kengele hatofautishi tena jina na jina. Anabonyeza chochote kinachong'aa. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi ya swichibodi, kuunganisha simu za watu kwa waya, mwanamke aliyekuwa na namba za mji mzima kichwani. Tulimwita Kengele kwa ajili ya sauti yake. Wakimnyang'anya simu nitampata wapi? Yeye hatoki, na magoti yangu hayapandi ngazi zao. Nimemwomba binti anivumilie mpaka Jumapili ya wiki ijayo. Kakubali, shingo upande.

Jumatano, 5 Machi

Binti wa kaka yangu, yule anayeuza simu dukani, kaja na kompyuta mpakato, baada ya kumweleza shida ya Kengele. Eti siku hizi mtu yeyote anaunda programu ya simu bila kuandika msimbo hata mmoja. Unavuta kisanduku, unakiweka hapa, unakiunganisha na kingine kwa mstari. Kisanduku hiki ni kitufe. Kile ni kupiga simu. Vuta mstari, basi, umemaliza.

Nilivuta mstari wa kwanza. Waya zile zile! Kushoto anayeita, kulia anayeitwa, katikati mimi na plagi yangu. Chumba kizima kikanirudia — viti virefu, madirisha yasiyofunguka, harufu ya vumbi lililopata moto nyuma ya bodi. Kengele alikuwa anapita nyuma yetu na raba miguuni ili tusimsikie. Ukianza porojo na mteja, unahisi kidole begani. Tulimwogopa, tukampenda papo hapo. Nilipofiwa na mama, alikalia kiti changu akafanya zamu yangu juu ya yake, wala hakuisema popote. Natamani siku moja tu ya chumba kile, hata na joto lake.

Binti wa kaka kauliza, shangazi, unalia? Nimemwambia kompyuta yake ina mwanga mkali.

Jumamosi, 8 Machi

Programu imenifia mikononi. Niliweka picha, kila moja kitufe cha kupiga simu: binti wa Kengele, mimi, na wenzetu wawili wa zamu, Mtulivu na Chiriku. Nikajidai, jina atalisahau lakini sura ataijua. Binti wa Kengele kasema mama yake kazigusa zote, moja baada ya nyingine, halafu kauliza hawa wazee ni akina nani.

Wazee. Sisi.

Nimenuna kutwa na sijui nimnunie nani.

Jumanne, 11 Machi

Nimebomoa, nimeanza upya. Kitufe kimoja tu, kikubwa kama sahani: unabonyeza, unataja unayemtaka. Nimevuta mistari siku mbili, shingo inauma, lakini nilifanya peke yangu.

Leo binti wa kaka kaijaribu. Kabonyeza, anamtaka Chiriku — simu yangu ikalia. Kajaribu kumpata Mtulivu — yangu tena. Kaitazama mistari, kacheka mpaka kakaa sakafuni. Shangazi, laini zote zinapita kwako! Mtu hampati mwenzake mpaka akuombe wewe!

Nikaangalia. Kweli. Wala sikukusudia, vidole vilijiendea vyenyewe. Kila anayeita nimemleta mezani kwangu kwanza, ndipo nimpeleke kwa anayeitwa, kama nilivyofanya ujana wangu wote. Mzoea udalali, duka haliwezi. Kaniambia siku hizi simu zinakwenda zenyewe, hazitaki mtu katikati. Na ukienda msalani je? Nikamjibu, enzi zetu tulipokezana.

Alitaka kuirekebisha. Nimemshika mkono. Iache kwanza.

Alhamisi, 13 Machi

Binti wa Kengele kaiweka kwenye simu ya mama yake. Haikupita muda, yangu ikalia. Nikakaa wima, sijui kwa nini, nikatoa ile sauti ya kazini: opereta, nikuunganishe na nani?

Nikahofu nimeharibu tena.

Mara Kengele yule wa zamani, sauti inayopenya ukuta: mbona umechelewa kuitikia, binti? Nikasema samahani, bibi msimamizi. Kasema nipe Chiriku. Nikampa Chiriku! Nimegusa jina, nimewaunganisha, nimejitoa kwenye laini kama inavyotakiwa.

Baadaye Chiriku kanipigia, analia huku anacheka. Kengele kamkaripia kwa uvivu wa mwaka ule wa mafuriko. Kumbe nyuso zimemtoka, lakini kuomba laini anakumbuka. Furaha imenijaa, hata chakula nimekula nimesimama, simu mkononi, kama mwajiriwa mpya.

Jumapili, 16 Machi

Simu haiendi kabatini. Binti kaniambia mwenyewe mchana: mama mdogo, Mungu akuzidishie. Tangu Alhamisi Kengele kawaomba Mtulivu na Chiriku kwa zamu, na hakuna mgeni aliyealikwa chakula. Nimetembea chumbani kwangu kifua mbele.

Sasa ni jioni, na kaita tena. Nikuunganishe na nani, bibi? Safari hii sauti si ya msimamizi. Ni nyororo, ya aibu aibu. Kasema nipe stesheni ya reli, chumba cha tiketi. Mume wangu anakaribia kutoka kazini.

Mume wake tulimzika sote. Chumba chenyewe cha tiketi siku hizi wanauzia magodoro.

Ulimi ulitaka kusema laini ina shughuli. Lakini ni yeye aliyetukataza: usimwambie mteja laini ina shughuli wakati haina, utamkalisha bure. Nikasema ukweli niliouweza. Hakuna anayejibu, bibi.

Kasema: mwite tena. Nasubiri.

Simu nimeilaza mezani na sauti nimeifungulia, ndiyo maana naweza kuandika. Hakati. Nasikia kiti kinasogezwa. Anaimba kwa pua, kitu nisichokijua. Binti yake kanitumia ujumbe sasa hivi: mama kachana nywele, kakaa na simu anatabasamu, mama mdogo, anaongea na nani?

Kukata siwezi, opereta hakati kabla ya mteja.

Kauliza: opereta, bado upo? Nimesema nipo, bibi.

Haya, kasema, usiondoke. Huwa anachelewa kidogo.