Ukurasa Uliofika Mpaka kwa Majani Chai

Jumapili. Mvua imeacha, lakini matope bado.

Salamu kwako Moraa, dadangu wa Kenyenya, na kwa yeyote atakayesoma hapa. Huku Nyamira mimi niko. Baba Kwamboka yuko, mgongo umepoa kidogo. Nyanya yuko, anaota moto na kulalamikia moshi. Kwamboka yuko kwa kompyuta yake, wapi pengine. Hata ng'ombe yuko, anakusalimia.

Moyo wangu leo umejaa.

Moraa, unajua vile nimekuwa. Tangu huyu msichana wangu Kwamboka amalize koleji namwona ameinamia hiyo mashine, nasema huyu ameharibika. Ndio nikakusumbua umtafutie kazi ya duka huko kwenu. Ukapata, na mwenye duka anataka jibu kesho.

Jana Sabato kompyuta ilifunikwa kitambaa, hakuigusa. Leo mchana nikasikia, "Mama, kuja! Sava imekubali!" Kumbe hiyo sava ni kitu ameweka ndani ya mashine, cha kumpa mtu ukurasa akiuomba, kama vile mimi napeana ndizi sokoni. Na PHP ndiyo lugha anayoiambia nayo cha kufanya. Nikaandika jina langu, nikabonyeza. Ikanijibu: Habari ya mchana, Nyaboke.

Stima imepotea, mashine iko kwa betri yake. Bando ya intaneti hakuna. Na inanijua!

Ndio nikakupigia mbio, nikakuambia uandike kwa simu yako localhost, hilo neno nililoona pale juu. Ukasema, "Imekataa! Nyaboke, huyo msichana anakuchezea ndio asikuje dukani."

Hayo maneno yalinichoma. Nikamwendea na sauti mbaya. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Ai, Mama! Kwa hilo neno mashine inajiita yenyewe. Mama mdogo ameita simu yake, na haina sava!"

Akaunganisha simu yangu na kompyuta bila waya, akaniandikia namba fulani. Ukurasa ukafunguka mkononi mwangu. Nikaenda nao jikoni, ukanisalimia. Nikaenda kwa ng'ombe, ukanisalimia. Nikashuka mpaka kwa majani chai ya kwanza, ukakataa. Nikarudi nyuma kidogo, ukakubali tena.

Nikasimama hapo kwa matope. Mtoto niliyembeba mgongoni nikichuma hayo majani ametengeneza kitu kinachojaa boma lote, na macho hayakioni.



Haya ninaandika kwa ukurasa wake mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Amesema jioni akipata bando atauweka nje kwa mtandao, usome. Sijui kama hii kazi itamlisha. Hiyo hofu bado ninayo, sitakudanganya. Lakini siwezi tena kumwambia afunge kompyuta akapime unga.

Basi Moraa, mwambie mwenye duka asimngoje. Najua hiyo nafasi uliiomba kwa watu, usinikasirikie. Nijibu upesi, hata neno moja tu, kabla sijaanza kuogopa tena.