Mpaka Uliopinda Mnazini

Utange, 9 Machi 1961

Kaka Stambuli,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mwanangu Tumu ameota jino la kwanza, na kisima kimeanza kutoa maji ya chumvi.

Yule mpima ardhi amerudi kusahihisha kosa lake, alipoitia nusu ya shamba la marehemu baba upande wa jirani yetu Sheikhan. Ameng'oa mawe ya mpaka na kuyachimbia upya. Sasa mpaka unakwenda sawa hadi kisimani, kisha unapinda kuuzunguka mnazi uliopandwa juu ya kitovu chako. Wangu umeangukia kwa Sheikhan.

Nikamuuliza, "Bwana, mbona hapa umepinda?"

Akakunja ramani yake. "Nimeelekezwa na mwenye shamba, mama."

Sheikhan amehamia juzi. Kwake minazi yote ni minazi. Mama, aliyetuzikia vitovu, naye yuko kaburini. Walio hai wanaojua upi wako na upi wangu ni wawili tu, kaka, na mmoja ndiye anayekuandikia.

Wifi nisalimie. Jibu usilitie posta. Njoo ulitoe ukiwa umesimama mbele ya mnazi wangu.

Nduguyo wa tumbo moja,
Salme