Mke Mwenza wa Kijani

Baba Akinyi,

Paa bado linavuja. Naanza na hilo usije ukadhani nimekuandikia kukusifu. Mvua ya juzi imeingia chumbani ikalowesha mto wako, ambao sijaufua tangu tukuzike. Niliuanika uani, nikalia, halafu nikakasirika, maana siku hizi kilio changu chote huishia kwenye lile gari.

Nyar Ulaya, binti wa Ulaya! Kwetu mke ndiye huitwa kwa jina la alikotoka. Mimi ulinioa Gem, ukaniita Nyar Gem, nami nikaitika. Kisha ukaleta gari la kijani, kuukuu, lililofika nchini kabla ya uhuru, ukalipa jina la mke mbele ya Kaloleni nzima. Majirani walicheka. Nami nilicheka, lakini moyoni nilijua nimeletewa mwenzangu.

Nyumba hii uliyoachiwa na baba yako ilikuwa ikibomoka kidogo kidogo, na kila nilipotaja vigae ulinijibu, "Mama Akinyi, nyumba haiendi mahali." Kweli, haikwenda. Aliyekwenda ni huyo Nyar Ulaya wako, kila Jumapili: Athi River, Limuru, Fourteen Falls. Mimi nyuma, jerikani la maji mapajani, kwa sababu bibi huyo alishikwa na kiu kila mlima. Njia ya Limuru ulikuwa ukisimama, ukafungua boneti, ukamsemesha kwa sauti ambayo mimi niliisikia mara ya mwisho kabla Akinyi hajazaliwa. "Pole, mama. Pumzika kidogo." Mimi niliyekuzalia watoto wanne, ni lini uliniambia nipumzike? Na turubai tulilonunulia paa, alifunikwa nalo nani? Kitanda chetu kilipewa beseni.

Sasa sikiliza. Baada ya matanga mdogo wako Ouma alikuja na mkewe. "Shemeji," akasema akicheka, "najua wewe huwezi kubali nikurithi. Basi nipe gari tu. Naleta mafundi, tunatoa hii vigae yote, tunaweka mabati mpya."

Baba Akinyi, nilifurahi! Hatimaye mwenzangu anaondoka, na nyumba inapona. Nilimkabidhi funguo kwa mikono miwili.

Mke wake akaingia garini kwanza. Akavuta kiti mbele, akageuza kioo, akajipaka rangi ya mdomo. "Aki huyu ni wangu sasa. Jumapili ananipeleka Naivasha." Halafu akaokota kile kitambaa chako cha kufutia vioo, akakishika kwa vidole viwili, akakitupa nje. "Hii takataka ni ya nini?"

Damu ilinipanda. Sijui hata nilifikaje pale mlangoni. Nilimshusha kwa mkono, nikamnyang'anya Ouma funguo, nikawaambia waende kwao. Ouma alidhani majonzi yamenizidi. Hayakuwa majonzi. Ulikuwa wivu, ule ule wa miaka yote, ila safari hii niliona wivu kwa niaba ya mwenzangu.

Usinicheke. Bado simpendi. Lakini walipoondoka niliketi ndani yake, nikawaza: nani mwingine Nairobi hii anajua ulivyokuwa ukiimba vibaya tukirudi nyumbani jioni? Watoto walikuwa wanalala. Tuliosikia ni sisi wawili, mimi na yeye. Ningemtoa, ningebaki na nani wa kugombana naye juu yako?

Ouma hajarudi, na mabati yake hayajaonekana. Nimeamua kupangisha chumba cha mbele kwa fundi cherehani, mama mmoja mpole wa Makongeni. Kwa kodi yake vigae vitarudishwa kimoja kimoja. Nitachoka, lakini nimezoea.

Lala salama, mume wangu. Wivu wangu hukuzikwa nao, ninao hapa. Nakuahidi nitamtilia maji, nitamfuta vumbi, na nitamgombeza ninavyotaka. Na huko uliko, wakikuuliza habari za nyumbani, waambie wajane wako wote wawili wamekataa kurithiwa.

Nyar Gem