Jaribio Lililotaka Kuninyima Harusi

Changamwe, Machi 1997

Mpenzi Ishaka,

Sisi huku wazima, joto tu. Bosi wangu, Musyoka, alininyima ruhusa ya kuja kwenye harusi yetu mpaka kompyuta mpya ifaulu jaribio: tujaze data sehemu ya kumbukumbu inayookoa kazi stima ikipotea, kisha tuizime kompyuta ghafla. Jaribio la zamani lilikuwa programu iliyoandikiwa kompyuta yenye sehemu ndogo. Sehemu hii kubwa ya kompyuta mpya halikuijaza hata nusu, likatangaza tumefaulu. Nikalirekebisha liulize ukubwa kwanza, ndipo lijaze. Ilipojaa tu, stima ikapotea yenyewe mtaa mzima. Iliporudi, kazi yote ilikuwapo.

"Haihesabiki, Mastura," akasema bosi. "Hatukuzima sisi."

"Basi zima upendavyo, bosi. Mimi naenda kuolewa."

Nitafika Ijumaa, inshallah. Mamako mwambie taratibu kwamba kazi sina tena.

Wako,
Mastura