Jina la Dereva Mkuu

Jumatatu, 4 Machi

Barua ya bima imefika. Nimeifungua nikiwa nimesimama mlangoni, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Nimesoma mara mbili, halafu nikatafuta pa kukaa. Mwaka jana laki nne na kidogo. Mwaka huu laki saba na nusu. Gari lile lile, rangi ile ile, mwenyewe yule yule. Kwani limeota mabawa?

Na mimi sijagonga hata kuku. Nilijifunza gari nikiwa na miaka hamsini na moja, nikafaulu mtihani mara ya kwanza. Yule ofisa wa leseni alisema, mama, unakanyaga breki kama mtu anayemwamsha mtoto mchanga. Maneno yake hayo, si yangu. Darasa la saba langu lilijibu alama zote za barabarani. Vijana wawili wenye vyeti vyao walirudi makwao wamenuna.

Nimempigia mwanangu. Hakupokea. Yuko saiti, bila shaka. Injinia hawezi kuacha daraja linaning'inia ili apokee simu ya mama.

Jumanne, 5 Machi

Mama Pacha wa nyumba ya pili alikuja kurudisha sufuria, akaiona barua mezani. Macho yake hayajawahi kupitwa na kitu. Akasema hata yao imepanda. Nikamuuliza, kiasi gani? Kidogo tu, anasema. Mumewe amemwambia bima kubwa ni ya wenye hela zao, wakate bima ndogo wamalize.

Nikamweleza, maana wengine hawajui: bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Wewe unabaki na vyuma vyako. Na mimi bila gari sina kazi. Keki ya ghorofa tatu haipandi pikipiki.

"Na injinia wako anasemaje?" akauliza.

Nikamwambia, amesema nisihangaike, atalishughulikia.

Hajasema. Hajapiga hata. Ila akipiga atasema hivyo hivyo, kwa hiyo si uongo. Nimemtangulia tu.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimezunguka kwenye kampuni mbili nyingine za bima. Miguu inawaka.

Ya kwanza kijana wa tai. Gari linabeba nini? Keki. Kwa hiyo ni gari la biashara, anasema. Nikamwambia, keki si biashara, baba, keki ni kipaji. Hakucheka. Bei yake ilikuwa ya juu kuliko ile niliyoikimbia.

Ya pili walitaka kwanza karatasi ya mwaka jana. Yule mzee wa pale aliitazama, akabonyeza kompyuta yake, akaitazama tena. Akasema hata akinikatia yeye ni yale yale, kampuni zote zinaona kitu kimoja. Kitu gani? Waulize waliokukatia, mama. Na macho akayarudisha kwenye kompyuta.

Karatasi ya mwaka wa kwanza sikuwapelekea. Hiyo iko sebuleni ukutani, kwenye fremu. Fundi wa fremu aliniuliza, hii ni diploma? Nikamwambia ni zaidi ya diploma. Juu jina langu, mmiliki. Chini yake: dereva mkuu, Injinia, halafu majina yake yote matatu. Mwanangu wa pekee, kifungua mimba na kitinda mimba kwa mpigo mmoja.

Alinunua gari kwa malipo ya mkataba wake wa kwanza. Miaka mitatu sasa. Alilileta mwenyewe siku mbili njiani, akakaa wiki mbili, akanizungusha mji mzima, halafu akapanda basi kurudi kazini. Binti wa bima aliuliza nani ataliendesha zaidi. Nikasema, mwandike mwanangu. Mtoto anunue gari, halafu nijiandike mimi? Si ungekuwa wizi huo. Binti akasema nafasi ya cheo haipo. Nikamwambia aandike herufi ndogo ndogo, itaenea. Ikaenea.

Tangu siku hiyo kila mwaka wananakili vile vile.

Nimekula nimesimama, kwenye jiko. Chakula cha mtu mmoja ukikipeleka mezani ni kama unakionea.

Jumamosi, 9 Machi

Keki ya harusi imefika salama. Ghorofa tatu, nyeupe, maua ya sukari mia moja na ishirini, kila ua nimelikunja kwa vidole hivi. Haikupasuka hata unywele. Nimeendesha polepole, nyuma wananipigia honi, mmoja akapita akinionyesha saa yake. Apite. Yeye hajabeba harusi ya mtu.

Mama wa bibi harusi alishangaa nimeendesha peke yangu. Nikamweleza gari kaninunulia nani. Akasema, mashallah, yupo hapa? Nikasema, kazi. Akasema, wangu pia. Tukaitazama keki.

Jumatatu, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimekwenda ofisini kwao asubuhi. Binti wa bima ni yule yule, ila sasa ana pete na meza yake mwenyewe. Amenikumbuka. "Mama Injinia!" Nikafurahi, nikaketi vizuri, nikamwambia aniambie kampuni yao imepatwa na nini kunitoza hela ya basi zima.

Akafungua kompyuta. Akasema gari langu halina shida, na mimi sina shida. Shida ni dereva mkuu.

Nikamwuliza, ana shida gani?

"Zile ajali, mama."

Zile. Kama vile tulishaziongelea.

Mbili. Mei, na Novemba. Zote na gari la kazini kwao, ila ajali inaandikwa kwenye leseni ya dereva, na kampuni zote za bima zinaiona. Ya Mei ni taa na bampa. Ya Novemba gari liliondolewa na winchi, na yeye alilazwa. Hapo akanitazama usoni, akaacha kusoma.

"Samahani, mama. Nilidhani unajua."

Nikasema najua sana, nilichanganya miezi tu. Tabasamu nililitoa sijui wapi.

Akaeleza taratibu, ni mtoto mwenye adabu. Nikijiandika mimi dereva mkuu, na leseni yangu safi, bei inashuka chini hata ya mwaka jana. Fomu mpya, kurasa mbili, jina lake linatoka, basi. Nikamwambia nitafikiria.

"Cha kufikiria nini, mama? Mara ya mwisho ameliendesha lini?"

Nikachukua mkoba wangu.

Novemba alinipigia. Naikumbuka ile simu. Sauti ilikuwa ya chini, akasema mtandao mbaya. Akasema, siku hizi nimepumzika kidogo, mama. Nikasema alhamdulillahi, upumzike. Na mimi nikatoka nje na kuwatangazia mtaa mzima: mwanangu kapewa likizo, kampuni imeona inamchosha, likizo ya malipo. Mama Pacha nilimwambia mara mbili.

Kumbe alikuwa kitandani.

Jumanne, 12 Machi

Nimempigia mara nne. Unga nimeupima, nikaurudisha kwenye pipa.

Mama Pacha alipita kuuliza kama bima imeshakaa sawa. Nilikuwa nimwambie. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni kwamba bei imepanda kwa sababu ya injinia, siku hizi wanatoza kwa cheo cha dereva.

"Basi afadhali wangu walifeli," akasema, akacheka mpaka akashika ukuta.

Nami nikacheka. Alipoondoka niliwasha redio. Kulikuwa na mtu anasoma bei za mazao. Nikamwacha aendelee.

Jumatano, 13 Machi

Kapiga saa saba mchana.

"Shikamoo mama. Nimeona simu zako, kulikuwa na kikao."

"Marahaba, baba. Umekula?"

Amekula. Nikamwambia bima imepanda. Akasema nisihangaike, atalishughulikia, hela atatuma leo leo. Neno kwa neno kama nilivyomwambia Mama Pacha. Namjua mwanangu, nikajisemea. Halafu nikaona aibu ya kujisemea hivyo.

Nikasema hela sitaki, ninayo. "Ulilazwa siku ngapi?"

Nikasikia watu nyuma yake, na mlango unafungwa.

"Nani kakuambia?"

"Bima."

Akacheka kidogo, halafu akaacha. Siku kumi na tisa, akasema. Nyonga. Sasa anatembea vizuri, kwenye ngazi tu ndiyo anashika ukuta. Nikauliza nani alikuwa anamwogesha. Manesi, na rafiki yake. Rafiki gani? Rafiki tu, mama. Sikuchimba hapo.

"Kwa nini hukuniambia? Ningekuja. Gari si lipo?"

"Ndiyo maana," akasema. "Ungeliwasha saa ile ile."

"Sasa gari ulininunulia la nini?"

Halafu akasema, pole pole, si kwa ubaya, nasikia bado alivyosema: "Mama, mimi nikikuambia kitu, ulishawaambia watu. Nilijua huko umeshasema naendelea vizuri. Nikaona nisikuharibie."

Mimi, ambaye nina jibu la kila mtu, nikamwuliza kama huko kuna mvua.

Akaniuliza wamesemaje kuhusu bei. Nikamweleza ya dereva mkuu. Akashangaa, hakujua kabisa kwamba ameandikwa yeye. "Miaka yote hii? Toa jina langu, mama. Mimi siendeshi tena."

"Huendeshi tena mpaka lini?"

"Sijui. Nikishika usukani mikono inatoka jasho." Mtu akamwita. "Nikija tutaongea."

Lini, hakusema. Sikuuliza. Nikiuliza itabidi ajibu.

Alhamisi, 14 Machi

Kesho ndiyo mwisho. Ikifika usiku wa manane bima imekwisha, na Jumamosi nina keki ya ubatizo.

Nimekaa na barua mkononi tangu asubuhi. Laki saba na nusu ninayo, iko benki, niliyoipata kwa maua ya sukari. Ninaweza kulipa jina lake libaki. Nani atanikataza? Mwaka mmoja tu. Labda kufika Machi nyingine mikono itakuwa imeacha jasho, atakuja, atataka kuliendesha, nimwambie chukua ufunguo, karatasi zako ziko sawa, mama yako hakukutoa.

Halafu nawaza: leo hii nalipia nini hasa? Mtu hayupo garini. Mtu anaogopa gari. Mimi namwandika dereva.

Ila kumtoa kwa mkono wangu, kwa kalamu. Mama gani.

Nimemtumia ujumbe: Nyonga ikikuuma usiku weka maji ya moto kwenye chupa, funga kitambaa. Amejibu: Sawa mama. Nimesoma hiyo sawa mama mara nyingi kuliko barua ya bima.

Mama Pacha aliita nje ya dirisha. Nilinyamaza ndani, kama sipo. Sijawahi kumfanyia hivyo.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika hapa hapa ofisini kwao, kwenye benchi, daftari juu ya mkoba. Wanafunga saa kumi. Sasa ni saa tisa kasoro.

Nilichukua fomu mpya. Nimeijaza kwa mwandiko wangu mzuri, ule aliokuwa akiusifu mwalimu wetu. Mstari wa tatu, dereva mkuu, nimeandika jina langu. Mstari wa nne, madereva wengine. Nilimwuliza binti, nikimweka hapo? Akatikisa kichwa: akiingia popote bei inarudi pale pale. Nikapiga mstari mrefu, ulionyooka, nafasi yote.

Nikajiona nimemaliza. Nikasimama, nikampelekea. Hata nikamtania, nikamwambia sasa umepata dereva asiyekuwa na doa, mnitangaze gazetini. Akacheka. Akapitia kwa kidole, akageuza ukurasa, kidole kikasimama.

"Namba saba umeiruka, mama."

Sikuwa nimeiona. Ipo chini kabisa, maandishi madogo. Idadi ya watu wanaoishi katika nyumba ya mwenye gari.

Nikamwuliza, hiyo nayo inapandisha bei?

"Hapana, hiyo ni ya takwimu tu. Andika namba yoyote iliyo kweli, mradi isibaki wazi. Ikibaki wazi mashine haipokei."

Nikarudi kwenye benchi. Robo saa sasa. Kuna vyumba vitatu. Kimoja nalala mimi, kimoja ni cha vyombo vya keki, na kimoja ni chake, shuka nabadilisha kila mwezi. Mtu mwenye chumba si anaishi? Nimeishika kalamu. Nilitaka kuandika mbili. Mimi ninayejua kusema neno kabla halijatokea, mbili tu imenishinda.

Na ile moja pia siwezi kuiandika.

Watu wawili wamebaki kwenye foleni. Binti amenyoosha shingo juu ya meza yake, ananitazama kwa huruma, sitaki huruma.

"Mama, bado tu? Umekwama wapi?"

Nimemwambia anipe dakika moja. Nahesabu.