Nikabaki Nje ya Pazia

Mama,

Mjukuu wako Asha kasinzia, ndiyo nimepata nafasi. Barua hii nshaianza mara tatu nikaichana. Aibu.

Ulifariki ukijua mwanao anafunga sukari kwenye mifuko kule kiwandani. Si kweli. Miaka yote miwili ya kazi ile nilikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye matangi. Molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatoka, tunautia maji na hamira, unaumuka wenyewe mpaka unakuwa mkali, kisha unapikwa, mvuke wake ukipoa ndiyo spiriti. Inakwenda hospitali, inakwenda kwenye majiko, na wanasema nyengine itachanganywa na petroli ya magari. Lakini nilijua wewe ungesikia neno moja tu: ulevi. Basi kila Ijumaa nikanunua kilo ya sukari sokoni Darajani, nikakwambia ya kazini. Ukaniombea dua. Mama, uliniombea dua kwa sukari ya uongo.

Siku moja ulinikumbatia ukacheka: "We mtoto, mbona unanuka mkate wa kumimina?" Nikasema nimepita kwa jirani, anaoka. Na tangi ndivyo linavyonuka hasa. Hata kazi yenyewe nimeijulia jikoni kwako, kwenye uji wa mchele na hamira wa mkate huo. Povu likipanda nakusikia: "Usiuwache uchache, ukichacha haurudi." Wenzangu wanatafuta kipimo, mimi nshajua.

Siku uliyofariki nilikuja na nguo za kazini. Mama mkubwa Zuwena akaniita: "Njoo umkoshe mama'ko, haki yako hii." Nikaitazama mikono yangu. Niliogopa kukugusa nayo, na niliogopa zaidi kuulizwa inanuka nini. Nikasema nimo katika siku zangu. Uongo mwengine. Nikakaa nje ya pazia, nasikia maji yanakumiminikia, wanakukosha wengine.

Walipomaliza, Mama mkubwa akataka spiriti ya kupangusia mikono. Chupa ikapitishwa mbele yangu. Kibandiko cha kiwandani kwetu, Mama. Kazi yangu ikaingia ndani. Mwanao nikabaki nje.

Kazi siiachi. Asha anakula kwayo, wala sioni haya tena kuitaja. Ninachokionea haya ni ule uongo, na lile pazia.

Kesho hitma yako, watu watakuja kukusomea. Mkate wa kumimina ntaupika mimi, kwa mikono hii hii, na kabla haujakatwa ntamwambia Mama mkubwa yote, mbele ya watu. Atakayekula ale, atakayeuwacha auwache.

Mungu akulaze pema, Mama yangu. Sikukukosha, na siku ile hairudi. Lakini kwa huyu mtoto sitasema uongo. Jana kanirukia mlangoni, kaninusa shingoni, kasema, "Mama, unanuka mkate."

Nikamwambia, "Si mkate, mwanangu. Ni kazi yangu. Kaa nikuhadithie."

Mwanao,
Saada