Kigae Kichwani kwa Baba

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Baba Mdogo akibisha usimfungulie, hata akilia. Nyundo nimeificha chini ya kitanda chako. Damu ya sakafuni nimeipiga deki, ya ukutani imenishinda.

Chanzo ni paa la ile nyumba yao ya pamoja. Asubuhi walileta sampuli mezani. Baba anataka bati: jepesi, halili mbao nyingi, linaezekwa upesi. Baba Mdogo anataka vigae: mvua haipigi kelele, na jua halikupiki ndani.

"Kigae chako kinavunjika kama biskuti," Baba akasema.

"Lete kichwa tupime."

Nikacheka, nikijua ni utani wao wa kila siku. Baba Mdogo akampiga nacho kweli, kikapasuka vipande vitatu. Baba akanyakua bati, akamchana nalo mkono mpaka mfupa ukachungulia. Watu wazima na vipara vyao! Nilipoingia kati nikala kiwiko, jino la mbele sasa linacheza dansi.

Baba Mdogo ametoka mbio akiapa atarudi. Nampeleka Baba zahanati akashonwe. ~~Waite wote jioni wapatane.~~ Hapana, wasionane kabisa. Baba ameficha kipande cha bati ndani ya koti, anadhani sijakiona.

Wanayemwogopa ni wewe tu. Chagua paa leo, umtangazie kila mmoja kwa wakati wake. La sivyo, atakayeezekwa kwanza ni Baba Mdogo, tena kwa udongo.

Kitindamimba wako